Kupangisha banda la gari kama stoo hapa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu 2018 banda la gari la nyumba yetu, Nyasaka, limekuwa stoo ya watu. Gari tuliliuza, banda likabaki na baiskeli mbovu na ndoo za rangi, nikaona heri lichangie ada za watoto. Baada ya hapo haikupita wiki bila jirani, shemeji au mtu niliyesoma naye kunipigia kuuliza nilifanyaje. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu. Nikikutuma kwenye swali jingine, nenda kalisome, maana sitarudia.

## Kabla hujaanza

Kweli kuna mtu atalipa pesa kuweka vitu kwenye banda la gari?

Wapo, tena wengi kuliko unavyodhani. Wapangaji wangu wa kwanza walikuwa wanafunzi wa SAUT waliokuwa wanafunga chuo na hawakutaka kulipia chumba Malimbe miezi ambayo hawapo: magodoro, mafeni, ndoo, masanduku ya chuma. Wakaja watumishi waliohamishwa ghafla kwenda mkoa mwingine, ambao nyumba mpya walikuwa bado hawajaipata. Wapo wanaojenga Kiseke, Buswelu na Buhongwa, wanaonunua vigae na milango kidogo kidogo kadiri pesa inavyopatikana, na huko saiti hakuna hata mlango wa kufunga. Wapo akina mama wa kukodisha viti, maturubai na masufuria ya sherehe, ambao vitu vyao vimejaa mpaka sebuleni.

Ukiwa karibu na Kirumba au bandarini, utawapata pia wafanyabiashara wa Ukerewe wanaonunua bidhaa mjini kwa siku mbili tatu huku wakisubiri meli ya Nansio. Na tangu Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, hata mtu wa Sengerema anaweza kuja kuchukua mzigo wake na kurudi siku hiyo hiyo bila kuwaza foleni ya kivuko.

Kwenye tangazo niandike nini?

Andika "stoo". Usiandike "gereji", kwa sababu kwetu gereji ni mahali pa kutengenezea magari, na watakaokuja watakuwa mafundi na spana zao. Usiandike "godauni" pia, kwani anayetafuta godauni anataka lori liingie. "Fremu" ni ya biashara ya barabarani. Sema hivi: stoo ndani ya geti, urefu kadhaa, upana kadhaa, sakafu ya zege, gari dogo linafika mlangoni. Pima kwa futi kamba, usikadirie. Banda la gari moja kwa kawaida ni kama mita tatu kwa sita, na mtu mwenye vitu vya nyumba ya vyumba viwili ataenea humo akivipanga vizuri.

Nyumba yangu iko mlimani, gari linafika kwa shida. Niache?

Usiache, ila usimfiche mtu. Mabatini, Igogo na Isamilo kuna nyumba ambazo mzigo wa mwisho unapanda begani. Mpangaji mwenye makabati ya mbao ngumu atakulaumu siku ya kuhamia. Mwenye masanduku matatu ya nguo hatajali. Taja kwenye tangazo kuwa kuna hatua za kupanda, na sema ni ngapi. Tatizo kubwa la mlimani ni maji, na hilo lina swali lake huko chini.

Mimi mwenyewe ni mpangaji. Naweza kupangisha banda?

Kwa idhini ya mwenye nyumba tu, na idhini hiyo iwe ya maandishi. Na kama nyumba ni yako na una mwenzi wako, kaeni mzungumze kwanza. Nimeona ndoa ikitikiswa na marobota ya mitumba ambayo mmoja hakuambiwa yanakuja.

## Chumba chenyewe

Nitajuaje kama banda langu ni kavu?

Hili ndilo swali ninalotaka watu wengi zaidi waniulize, na wengi hawaulizi mpaka baada ya mvua.

Mwanza tunachimba mlima ili kupata uwanja. Mara nyingi banda la gari ndilo linalokaa chini kabisa, usawa wa barabara, na ukuta wake wa nyuma umeegemea udongo na mawe. Mvua ikinyesha, maji yanashuka chini kwa chini, yanagonga ukuta ule, yanatafuta upenyo. Rangi inaweza kuwa nzuri kabisa na ukuta ukawa umelowa ndani. Nyumba za mabondeni, karibu na ufukwe, zina shida ya namna nyingine. Mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda sana, na hata pale ambapo maji hayakuingia mlangoni, udongo chini ya sakafu ulishiba.

Kipimo changu ni hiki. Chukua karatasi ya nailoni nene, ukubwa wa meza ndogo, itandaze sakafuni katikati ya banda, uibandike kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa. Bandika nyingine ukuta wa nyuma, chini, karibu na sakafu. Ziache siku nzima na usiku wake. Asubuhi zifunue. Ukikuta vitone vya maji upande wa ndani, au zege pale chini limekuwa jeusi kuliko pembeni, unyevu unapanda. Fanya hivyo wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, si mwezi wa saba wakati kila kitu kimekauka. Kisha pitisha kiganja kwenye ile kona ambapo ukuta na sakafu vinakutana. Ukiona unga mweupe kama chumvi, maji yameshawahi kupita hapo.

Mimi sikupima. Mwalimu mmoja kijana aliyekuwa anahamishiwa mbali alikuja na maboksi ya vitabu na cherehani ya marehemu mama yake. "Shikamoo mama, nitavifuata likizo," akaniambia. Nikamwambia karibu, hapa ni pakavu. Tukayaweka maboksi chini, kwenye zege. Aprili ikaja na mvua ya siku tatu mfululizo. Nilipofungua mlango, maboksi ya chini yalikuwa yamelegea kama mkate uliodumbukizwa kwenye chai, na nilipoinua moja, kitako chake kilibaki sakafuni. Vitabu vilikuwa vimevimba, kurasa zimegandana. Cherehani ilipona kwa sababu ilikuwa juu ya kiti. Nilimpigia siku ile ile, nikamlipa vile vitabu kwa awamu. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Marekebisho ni ya aina tatu, na yafanye kwa mpangilio huu. Kwanza mtaro nje, nyuma ya ukuta, ili maji yapate njia kabla hayajafika. Bila huo mengine yote ni kupoteza pesa. Pili, plasta ya saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji. Tatu, chanja: mbao zilizoinuliwa angalau sentimita kumi kutoka sakafuni, na nafasi ya kiganja kati ya mzigo na ukuta. Kwangu hakuna kitu kinachogusa zege tena, hata kiwe cha plastiki.

Mchwa na panya je?

Mchwa huingia kupitia nyufa za sakafu na hupanda ukutani ndani ya vijia vyao vya udongo. Kila mwezi zungusha tochi kwenye kona zote. Ukiona kijia chembamba cha udongo, usikifute tu, ita fundi wa dawa. Panya wanahitaji tundu dogo sana. Funika uwazi chini ya mlango kwa bati au mpira mgumu, ziba matundu ya mabomba kwa saruji, na weka waya wa matundu madogo kwenye madirisha ya hewa. Usiyazibe madirisha yenyewe, maana banda lisilopumua huota ukungu hata kama halivuji.

Wale wadudu wa ziwani wanaingia?

Wanafuata taa. Siku wingu lao linapotoka ziwani na upepo ukalileta kwenu, zima taa ya mlangoni usiku ule. Asubuhi fagia kabla hawajalowa, maana wakilowa harufu yake haitoki upesi.

Nifunge mlango wa namna gani?

Mlango wa chuma wenye bawaba za ndani, ili mtu asizing'oe akiwa nje. Weka komeo mbili, juu na chini, na makufuli mawili ya maana. Shata za kukunja zinapendeza, lakini za bati jembamba hufunguliwa kwa mtaimbo mmoja. Taa ya nje ina faida kuliko kufuli la tatu. Na majirani wakijua kwamba usiku hakuna mtu anayehamisha vitu kwako, mtu akionekana na mkokoteni saa nane za usiku ulinzi shirikishi watamsimamisha wenyewe.

Nimwachie umeme?

Taa moja, soketi hakuna. Soketi ikiwepo, leo itachajiwa simu, kesho litaletwa friza la samaki, na LUKU yako itaisha katikati ya wiki. Mpangaji anayehitaji umeme kweli awekewe mita ndogo ya ndani na fundi anayeaminika, alipie uniti zake. Kuhusu mita kamili ya pili kutoka TANESCO, soma kwanza swali la kodi ya majengo.

## Mpangaji na mkataba

Nani anakaa na ufunguo?

Hapa ndipo lilipo jambo lote la kupangisha stoo, na ndiyo maana kila anayenipigia simu namrudishia swali hili kwanza.

Mpangaji akifunga kwa kufuli lake na ufunguo akaondoka nao, umempangishia chumba. Vitu viko mikononi mwake. Kazi yako ni paa lisilovuja, ukuta usiolowa na geti linalofungwa. Lakini ufunguo ukibaki kwako, ukawa unafungua, unahamisha, unampokelea mizigo, basi umepokea mali ya mtu uitunze. Hapo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakutaka uitunze kama mtu mwangalifu anavyotunza mali yake mwenyewe. Kikipotea kitu, wewe ndiye utakayeulizwa kwanza.

Watu wengi huangukia katikati bila kujua: mpangaji ana ufunguo mmoja, wewe una mwingine "kwa dharura", na mtoto wako anajua unapotundikwa. Siku sufuria kubwa la sherehe lisipoonekana, hakuna atakayeweza kusema lilitoka kwa mlango wa nani. Amueni mapema, muandike. Mimi nimechagua makufuli mawili: moja lake, moja langu. Hakuna anayeingia peke yake. Inachosha, kwa sababu lazima niwepo au binti yangu awepo, lakini katika miaka yote hii sijawahi kuulizana na mtu kuhusu kijiko.

Mkataba uwe na nini?

Karatasi mbili zinatosha. Majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, na nakala za vitambulisho. Eneo linalopangishwa na vipimo vyake. Pango ni kiasi gani, linalipwa lini, na kwa muda gani. Ufunguo unakaa na nani. Saa za kuingia. Vitu visivyoruhusiwa. Notisi ya kuvunja mkataba, mimi natumia mwezi mmoja. Namba ya ndugu wa karibu wa mpangaji, ambayo utaipiga wewe mwenyewe siku hiyo hiyo kuhakikisha inapatikana. Na sentensi moja inayosema mzigo ukiachwa bila malipo mtafanya nini (tazama "Mpangaji ametoweka").

Msaini mbele ya mashahidi, kila upande mmoja, na ukapate muhuri kwa mwenyekiti wa mtaa. Kiwango kikiwa kikubwa, mpe wakili auangalie.

Ni lazima kuandika orodha ya vitu vyote?

Ni lazima. Najua inaonekana kama kumdhania mtu vibaya, na dada mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, kwani hatuaminiani?" Nikamjibu kwamba orodha ni ya kumlinda yeye, kwa sababu kesho akisahau alileta viti sitini au hamsini na tano, karatasi itamkumbusha. Tuliandika pamoja, nikapiga picha, nikamtumia palepale kwenye WhatsApp. Picha zile zinabaki na tarehe na saa, kwake na kwangu. Kitu kilichovunjika tayari kiandikwe hivyo: "kabati, mlango wa kushoto hauna bawaba."

Boksi lililofungwa andika "boksi limefungwa, mwenyewe anasema ni vyombo", na aweke saini pembeni ya maandishi hayo. Asipotaka kusema kilichomo, mrudishie boksi lake.

Nimpe mmoja au niwagawie watu kadhaa?

Mmoja ni utulivu, kadhaa ni pesa zaidi. Ukigawa, tenganisha kwa waya wa fensi na fremu za chuma, kila sehemu na mlango wake. Mstari wa chaki sakafuni haufai kitu. Na kila sehemu mpya ni orodha mpya na mkataba mpya.

Anataka kuingia usiku.

Mimi mwisho saa kumi na mbili na nusu jioni. Nikavunja utaratibu mara mbili tu, zote kwa misiba.

## Nini kiingie, nini kisiingie

Vitu gani nisipokee kabisa?

Petroli, hata lita tano. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, na unaweza kufika kwenye jiko lako la mkaa kabla hujasikia harufu. Mitungi ya gesi ni vivyo hivyo. Usipokee baruti, dawa za mashambani zilizofunguliwa, wala nyara za wanyamapori za aina yoyote. Hati za nyumba, dhahabu na pesa taslimu mwenyewe akaweke benki. Bandika namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, nyuma ya mlango, na weka kizimamoto mahali mtoto hafikii lakini wewe unafika gizani.

Mvuvi anataka kuweka nyavu na injini ya mtumbwi.

Injini ipokee ikiwa tangi limemwagwa na bomba la mafuta limekaushwa. Aifunge kwenye stendi yake, na chini weka beseni la kupokea matone ya oili.

Nyavu zikague kwa mkono wako. Kwenye ziwa letu timba, yaani nyavu za uzi mmoja kama mshipi wa ndoano, zimepigwa marufuku, kokoro (wavu wa kuburutwa) nalo, na nyavu za makila (za kutega) zenye matundu madogo kuliko kipimo kinachoruhusiwa. Sheria ya Uvuvi ni ya 2003 na kanuni zake za 2009. Watu wa Mwanza hatujasahau misako ya 2018, nyavu zilivyokusanywa na kuchomwa moto. Maofisa wakija wakazikuta kwako, kusema "ni za mpangaji" ni mwanzo tu wa maelezo marefu. Kama huwezi kutofautisha timba na nyavu ya kawaida, ivute kidogo na uishike kwenye mwanga: timba inang'aa na inapitisha mwanga, uzi wake haujasokotwa. Bado una shaka? Mwambie alete mtu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo wake, aitazame kabla haijaingia.

Nawahurumia wavuvi, kaka yangu mmoja ni mvuvi. Lakini ziwa likiisha samaki, yeye ndiye wa kwanza kulala njaa.

Na nafaka?

Mpunga, mahindi, dengu, choroko, vyote vinakuja baada ya mavuno. Masharti yangu ni mawili. La kwanza, viwe vimekaushwa vizuri, kwa sababu mahindi mabichi ndani ya banda lililofungwa huota ukungu, na ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu.

La pili sibadilishi kwa mtu yeyote: hakuna vidonge vya kufukizia. Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaua watu kama inavyoua wadudu. Banda letu na chumba cha watoto vina paa moja. Juu ya dari ni uwazi mtupu. Gesi ikitoka kwenye magunia inapita hapo wakati watu wamelala. Muulize mpangaji waziwazi, "Umeweka vidonge?", na mwambie afungue gunia moja mbele yako. Mwenye kuhofia wadudu atumie mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, dawa haihitajiki. Ila mifuko ile panya akiitoboa kazi imeisha, kwa hiyo rudi kwenye swali la panya.

Dagaa?

Hapana, isipokuwa banda zima ni la mwenye dagaa na kuta zake hazishikani na nyumba. Harufu yake ikishaingia kwenye godoro la mtu mwingine haitoki, na dagaa wenyewe hunyonya unyevu wakaharibika.

Saruji inakaa muda gani?

Kwenye mifuko ya karatasi, miezi mitatu ni mingi. Ipange juu ya chanja, mbali na ukuta, isizidi mifuko kumi kwenda juu, uifunike kwa turubai, na mfuko ulioingia kwanza utoke kwanza. Mpangaji mwenye fundi asiyeeleweka mwambie anunue saruji mwisho, aanze na nondo na vigae.

Pikipiki au bajaji ya kulala tu?

Inawezekana, lakini usiichanganye na vitu vya watu wengine, kwa sababu tangi lake lina petroli. Omba uone kadi ya chombo, jina liwe la anayesaini au awe na barua ya mwenye chombo.

## Pesa

Nitoze kiasi gani?

Uliza chumba kimoja cha kupanga kwenye mtaa wako ni bei gani, kisha shuka kidogo, kwa sababu stoo haina maji wala choo. Mimi nilianza na 50,000 kwa mwezi, sasa ni 70,000. Pokea miezi mitatu au sita mbele, na amana ya mwezi mmoja. Mwanafunzi wa likizo mtoze kwa sehemu anayotumia, si kwa banda zima.

Serikali inadai nini?

Pango ni mapato, na mapato yana kodi. Mpangaji akiwa kampuni au mfanyabiashara, anakata asilimia 10 kama kodi ya zuio, anaipeleka TRA na kukupa hati yake. Kwa 70,000 ya miezi sita, yaani 420,000, utapokea 378,000 na hati ya 42,000. Usigombane naye, ila hati idai. Mpangaji akiwa mtu binafsi, nenda ofisi ya TRA na TIN yako uelekezwe namna kodi hiyo inavyolipwa.

Mkataba nao una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa 840,000 ni 8,400. Watu wanaudharau kwa sababu ni mdogo, kisha wanafika mbele ya hakimu na mkataba ambao haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe.

Kodi ya majengo itaongezeka?

Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU. Kupangisha banda peke yake hakuongezi kitu. Lakini ukifunga mita ya pili, nayo huweza kuanza kukatwa, na itakubidi uende ofisi husika kuonyesha kwamba jengo ni lile lile.

Dalali ni wa lazima?

Si wa lazima. Kwa kawaida huchukua pango la mwezi mmoja. Karatasi kwenye duka la mtaa na ujumbe kwenye magrupu ya kanisa, msikiti au shule viliniletea wapangaji wote niliowahi kuwa nao.

Na bima?

Kama nyumba ina bima, iambie kampuni kwa barua kwamba banda sasa ni stoo. Ukinyamaza, siku ya moto wanaweza kukataa dai lako. Vitu vya mpangaji havimo kwenye bima yako. Mwandikie hivyo kwenye mkataba.

## Mambo yakienda kombo

Mpangaji ametoweka, hajalipa miezi minne. Niuze vitu vyake?

Usiuze. Najua vinakukera na banda lingekuwa linaingiza pesa, lakini kuuza mali ya mtu bila amri kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Anza na simu, yake na ya ndugu aliyeandikwa. Kisha andika barua: deni ni kiasi gani, mwisho wa kulipa ni lini. Nakala moja ipite kwa mwenyekiti wa mtaa, igongwe muhuri. Muda ukiisha, fungueni banda mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili, mhesabu kwa ile orodha ya mwanzo, mpige picha upya, mfunge. Hapo ndipo unaenda kwenye chombo cha sheria. Mgogoro wa pango unasikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kuuza vitu kufuate amri utakayopewa. Bila orodha hutaweza hata kuanza.

Mpangaji amefariki. Ndugu wawili wamekuja, kila mmoja anataka vitu.

Wape pole, wape chai, usiwape vitu. Anayekabidhiwa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye karatasi yake mkononi. Ilinitokea. Kaka wa marehemu aliniita mkatili, na mjane alisimama pembeni bila kusema neno. Baada ya miezi kadhaa alirudi mjane huyo huyo, yeye ndiye msimamizi, tukakabidhiana kitu kimoja kimoja kwa orodha. Alipofika kwenye redio alikaa chini kidogo kabla ya kusaini.

Kumeibiwa. Nani analipa?

Rudi kwenye "Nani anakaa na ufunguo?". Vyovyote vile, usiguse mlango uliovunjwa, piga 112, toa taarifa kituoni upate RB (namba ya taarifa yako polisi), na mpigie mpangaji kabla hajasikia kwa watu.

Polisi wamekuja kupekua.

Waombe vitambulisho na hati ya upekuzi, mwite mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, mpigie mpangaji. Usizuie. Kilichochukuliwa kiandikwe na usaini ulichokiona tu.

Nataka banda langu, mwanangu amenunua gari.

Toa notisi kama mlivyoandikiana, rudisha pango la miezi ambayo hajaitumia pamoja na amana, na msaidie kupata pengine. Siku ya kuondoka leteni orodha ya kwanza, mtie alama kila kitu kinachopita mlangoni. Cha mwisho kikitoka, fagia, kisha bandika tena ile karatasi ya nailoni kwenye ukuta wa nyuma. Gari nalo linaoza kwa unyevu.